Mkono Usikie Njia: Uhakiki wa Usukani wa Peugeot 504

Usukani wa gari kuukuu una fani yake, na fani hiyo inastahili kuhakikiwa kwa umakini ule ule tunaompa mshairi wa mapokeo. Una mahali unapoanzia, penye mikono ya dereva. Una vipande vinavyopokezana kauli, kimoja hadi kingine, chini ya dashibodi na kando ya injini. Na una kituo chake pale tairi linapogusa ardhi. Kauli hiyo huenda na kurudi: mkono huliambia tairi lielekee wapi, nalo tairi huuambia mkono lilichokikuta. Ukipachika kipande kipya katikati ya mpokezano huo, umegusa utungo mzima. Ndiyo sababu nataka kuisoma polepole kazi ya fundi mmoja mkazi wa Soweto East, Kibera, aliyetia pawa, yaani msaada wa kugeuza, kwenye usukani wa Peugeot 504 ya mzee mmoja mstaafu. Wote waliolijaribu gari hilo wamelisifu kwa neno moja, kwamba limekuwa jepesi. Sifa hiyo hainitoshi. Wepesi ni matokeo; mhakiki anataka kujua umeingilia mlango gani, na mkono umepoteza nini kwa kuupata.

Tuanze na matini asilia. 504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na saluni yake ilipokoma kuundwa Ufaransa mwaka 1983, Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akaishinda mwaka 1978 kwa 504 ya coupé yenye injini ya V6. Abiria wa kawaida wanaikumbuka zaidi ile ya steshenwagi, iliyotoka Nairobi imejaa watu na mizigo kuelekea Nakuru, Kisumu na kwingineko, na ambayo jina lake la kampuni ndilo lililokuwa jina la safari yenyewe: umekuja na Peugeot. Gari hili lilipendwa kwa sababu lilivumilia njia mbovu bila kumchosha aliyeketi ndani. Hata hivyo, sifa yake niipendayo mimi imo kwenye usukani, na nadra kutajwa.

504 hutumia raki na pinioni. Dereva akizungusha gurudumu, fito huzungusha pinioni ndogo, pinioni husukuma raki kushoto au kulia, na raki huvuta tairi. Hakuna la ziada. Ila watunzi wake walifanya uamuzi mmoja wa kimtindo ambao ndio ufunguo wa yote yatakayofuata: walinunua wepesi kwa urefu. Walipanga uwiano wa polepole, mkono uzunguke sana ili tairi ligeuke kidogo, na kila mzunguko udai nguvu ndogo. Ndiyo maana dereva wa 504 akipiga kona ya kuingia uani huonekana akipokezanisha mikono tena na tena. Kila mzunguko wa ziada pale unafanya kazi, unabeba sehemu ya uzito ambao bega lingeubeba kwa mkupuo.

Uzito uliobaki nao una urari wake. Gari likiwa limesimama, usukani ni mzito kweli kweli, kwa kuwa tairi halibingiriki bali linajisugua papo hapo. Likianza kutambaa tu, uzito unapungua ghafla. Kwenye mwendo, unarudi kwa kipimo: kadiri kona inavyokaza ndivyo gurudumu linavyokaza mkononi. Kisha kuna hila ya mwisho, ambayo dereva wa barabara za murram huijua hata kama hajawahi kuieleza. Tairi za mbele zikikaribia kuteleza, usukani hulegea kidogo kabla ya mtelezo wenyewe. Huo mlegeo ni onyo. Usukani wa aina hii, basi, husema mambo matatu tofauti kwa uzito ule ule mmoja, na dereva aliyezoea husoma yote matatu bila kufikiri.

Kwa nini mtu aiguse fani kama hii? Sababu ya kwanza ni mwili. Mwenye gari amezeeka, na bega lake la kulia halifanyi tena kazi iliyofanya alipokuwa na miaka arobaini. Sababu ya pili ni tairi: zile nyembamba za zamani zimekuwa taabu kupata, akavaa pana zaidi, na upana huongeza msuguano. Sababu ya tatu ni mahali. Kutoka Mbagathi Way ukiingia Soweto East, barabara inabeba watembea kwa miguu, mikokoteni, bodaboda, meza za mboga na watoto wanaotoka shule, wote kwa wakati mmoja. Gari hapo huenda kwa mwendo wa mguu, husimama, hujipinda, hurudi nyuma nusu, hujipinda tena. Hiyo ndiyo hali ambamo usukani wa 504 ulikuwa mbaya kuliko zote. Watunzi wake waliufikiria mwendo wa barabara kuu, hawakuufikiria mpindo wa tairi lililosimama kati ya mfereji na kibanda.

Msaada kwa mkono wa dereva una historia ndefu. Mhandisi Francis W. Davis, aliyekuwa kampuni ya Pierce-Arrow nchini Marekani, alionyesha mfumo wake wa hidroliki mwaka 1926. Chrysler iliuuzia umma mfumo wa namna hiyo mwaka 1951 kwenye Imperial, Citroën DS ikawa nao mwaka 1955, na mwaka 1988 Suzuki Cervo ya Japani ikaja na msaada wa mota ya umeme. Tarehe hizi zinaonyesha kwamba 504 ilizaliwa wakati pawa ilikuwa imekwisha kujulikana, hata nyumbani kwao Ufaransa. Ugumu wa usukani wa gari la mzee huyu haukutokana na ujinga wa zama zake. Ulichaguliwa.

Hidroliki na umeme husemwa kana kwamba ni pande mbili zinazopingana, lakini kiini chao ni kimoja: kijifito chembamba cha chuma kilichowekwa katikati ya fito ya usukani, ambacho kazi yake ni kusokoteka. Dereva akizungusha gurudumu huku tairi linakataa, kijifito hicho hujisokota kwa kiasi kidogo mno. Kwenye hidroliki, msokoto huo hufungua vali na mafuta yenye shinikizo huenda upande unaohitajika. Kwenye umeme, sensa huupima msokoto na kuiarifu kompyuta, nayo kompyuta huiamuru mota. Hivyo kila pawa huanza na ulegevu uliokusudiwa. Ili msaada uje, lazima kwanza mkono na tairi vipishane kidogo. Katika fani asilia fito ilikuwa kauli moja isiyokatika. Katika fani mpya kuna pumziko katikati yake, na ndani ya pumziko hilo kuna sauti ya tatu inayosikiliza na kuamua iongeze kiasi gani. Nguvu ya mota si hoja kubwa kwangu. Naihakiki pawa kwa tabia yake ndani ya pumziko hilo. Je, inangoja kusikia, au inarukia? Na ikishasema, inanyamaza kwa wakati?

Njia ya hidroliki ilikuwepo. Kirinyaga Road kuna spea za kila namna, na fundi angeweza kutafuta raki yenye pawa, pampu, na paipu zake. Aliikataa, na nadhani alifanya vyema. Pampu ingedai kishikio kipya kwenye injini, belti ya ziada, tangi la mafuta na paipu za shinikizo karibu na joto la ekzosi. Pampu hiyo huzunguka muda wote injini inapozunguka, hata gari likienda moja kwa moja bila kupinda, ikila nguvu ya injini kwa kazi ambayo haijaombwa. Na raki asilia, yenye uwiano ule niliousifu, ingetupwa. Hilo lisingekuwa sahihisho la matini. Lingekuwa matini nyingine iliyovikwa jalada la zamani.

Alichofanya ni kuchukua safu ya usukani ya Toyota Vitz iliyovunjwavunjwa, yenye mota yake ya umeme, akaifunga chini ya dashibodi ya 504 mahali pa safu ya zamani, akaiunganisha chini na fito inayoshuka hadi kwenye raki ile ile ya Peugeot. Uteuzi huo una mantiki ya Nairobi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo magari madogo ya Japani huja kwa wingi yakiwa bado na mifumo ya kisasa, hugongwa, huchoka, na viungo vyake huishia kwenye vibanda vya spea. Nchini Uingereza, wenye magari ya kale hutumia safu ya Vauxhall Corsa kwa kazi hii hii. Huku kwetu Vitz ndiyo iliyo karibu na mkono. Ufundi wa jua kali unapofanya kazi vizuri huwa hivi: unasoma kilichopo sokoni na kuona ndani yake kazi ambayo kiwanda hakikuikusudia.

Angalia pia mahali msaada ulipoingilia. Mota imekaa juu, karibu na mkono, kabla ya raki. Chumba cha injini hakijaguswa; ukifungua boneti unaona 504 kama ilivyokuwa. Tairi, raki, na viungo vyote vya chini vimebaki vya Peugeot. Ujumbe wa barabara hupanda kwa njia ile ile ya zamani hadi kwenye kijifito, na hapo ndipo hukutana na mgeni. Kifani, huu ni uhariri wa kiasi, na mtu akitaka kuurudisha nyuma anaweza. Nilipomuuliza fundi kuhusu hilo, alijibu huku akimtazama mwenye gari: “Mzee, sijakata kitu cha Peugeot hapa. Siku ukiitaka ya zamani, narudisha.” Safu asilia imefungwa kwenye gunia, imo kwenye stoo ya mzee.

Uhakiki wa usukani haufanyiki gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo tulilisoma barabarani, tukianzia Kawangware. Naivasha Road kuelekea Dagoretti Corner ni foleni ya matatu na mabega ya barabara yenye vumbi, na huko pawa ilitimiza kila ilichoahidi: gurudumu linazungushwa kwa kiganja kimoja. Lakini hapo ndipo nilipoona kasoro ya kwanza ya kifani, nayo inatokana na ule uwiano wa polepole. Nilisema urefu ulikuwa bei ya wepesi. Sasa wepesi umeletwa na mota, na urefu umebaki. Mikono inazunguka tena na tena kama zamani, lakini mizunguko hiyo haibebi kitu. Katika ushairi tungeiita takriri isiyo na dhima: umbo limerudiwa, ilhali sababu ya kulirudia imeondoka. Fundi hana lawama kubwa hapa, maana kuirekebisha kungedai raki nyingine, na raki nyingine ingetuvusha ule mpaka tuliokataa kuuvuka. Hata hivyo mhakiki hana budi kuitaja. Ni bei ya uhariri wa kiasi.

Ngong Road ilifungua kasoro ya pili. Kompyuta ya safu kama hii, ndani ya gari lake halisi, huarifiwa mwendo wa gari, na hupunguza msaada kadiri mwendo unavyopanda. Kwenye 504 hakuna wa kuiarifu. Mifumo mingi ya aina hii, ikikosa taarifa hiyo, hujituliza kwenye kiwango kimoja cha msaada na kubaki hapo. Matokeo yake ni kwamba mota inamsaidia mzee kwa kiasi kile kile anapoegesha na anapopita Adams Arcade kwenye barabara pana. Ule urari wa uzito wa sauti tatu umekuwa wa sauti moja. Gari halikutanga njia, lilikwenda sawasawa. Lakini kitovu cha usukani, ile nukta ya katikati ambapo 504 ya zamani ilikuwa na ukimya wenye uthabiti, sasa ni laini mno, na mkono unajikuta ukiitafuta. Waingereza huongeza kisanduku chenye kitufe cha kupunguza msaada. Ni kifaa kidogo, na kazi hii inakihitaji. Bila hicho, shairi zima linasomwa kwa pumzi ile ile.

Mzunguko wa barabara pale karibu na mochari ya City ulionyesha kasoro ya tatu. Ukitoka kwenye mzunguko na kulegeza mkono, usukani wa 504 unapaswa kujirudisha wenyewe katikati. Huu ulirudi, lakini kwa kusitasita, na ukaishia kabla ya kufika. Mota na gia yake vina msuguano, na nguvu ya kujirudisha ya gari la zamani ni ndogo kuanzia mwanzo, kwa sababu magari yasiyo na pawa mara nyingi hupewa pembe ndogo ya kasta. Kasta ni ule mlalo, kuelekea nyuma, wa mhimili ambao tairi hugeukia. Ukiuongeza, tairi hujirudisha kwa bidii zaidi, lakini usukani huwa mzito. Zamani hilo lilikuwa kikwazo. Sasa kwa kuwa mota ipo, uzito huo unabebeka, na kasta inaweza kuongezwa pale vichwa vya shokomzoba za mbele vinapofungwa. Fundi hakuigusa jometri kabisa, na hapo sikubaliani naye. Alibadilisha ubeti mmoja asipitie upya kituo cha shairi, ilhali kituo ndicho kinachopokea uzito wa mabadiliko yote ya juu yake.

Kisha tukashika Mbagathi Way, nami nikabadilisha sehemu ya maoni yangu. Barabara hiyo ni ya zege, na zege lina sauti yake: maungio ya mabamba hugonga tairi kwa mpigo wa kawaida. Niliogopa mota ingeumeza mpigo huo. Haikuumeza. Kila ungio lilifika kwenye kidole gumba, dogo kuliko zamani lakini kamili, na jeraha moja la zege upande wa kushoto lilisikika upande wa kushoto. Hapa ndipo uamuzi wa kubakiza raki na viungo vya Peugeot ulipojitetea wenyewe. Msaada umeingia juu, lakini masikio ya gari yamebaki chini. Usukani wa magari mengi mapya hauwezi kuniambia nusu ya hayo.

Na Soweto East? Tulipita karibu na majengo ya Zone A, zile nyumba 822 zilizokabidhiwa mwaka 2016 chini ya KENSUP, mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda. Ili majengo yale yasimame, wakazi walihamishwa kwanza, mwaka 2009, hadi nyumba za muda za Lang'ata, na vibanda vyao vikaondolewa. Namna ile ya kuboresha huanza kwa kusafisha uwanja. Fundi huyu anaishi hatua chache kutoka pale na amefanya kazi yake kwa kanuni tofauti: amekibakiza kilichosimama, akatafuta nafasi ndani yake. Silinganishi nyumba ya mtu na chuma. Nasema tu kwamba anayefanya kazi mahali hapa anajua, kuliko mimi, gharama ya kubomoa ili kujenga. Katika mpindo wa mwisho, kati ya mkokoteni wa maji na ukuta, mzee alizungusha usukani gari likiwa limesimama kabisa, kisha akaniambia, “Miaka yote hii, bega langu ndilo lililokuwa pampu.” Kwa swali alilokuwa nalo mwenyewe, kazi imefaulu.

Wapo watakaosema gari la kale halifai kuguswa hata kidogo. Si mbali na Kibera, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Alfa Romeo Owners Club huandaa Concours d'Elegance, shindano la uzuri wa magari lililoanza mwaka 1970, na yeyote aliyetembea kati ya magari yale anajua raha ya kuona kitu kilichotunzwa. Naiheshimu raha hiyo. Lakini Waswahili tumewahi kuuzungumza mjadala huu, tena kwa ukali, kwenye ushairi wetu. Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni za utunzi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi mwaka 1974 bila kujifunga na vina na mizani. Na kati yao Mathias Mnyampala akaitengeneza ngonjera kutokana na mashairi ya majibizano yaliyokuwepo. Ni kazi ya Mnyampala inayonifundisha namna ya kuisoma 504 hii. Mnyampala hakuvunja vina, na hakuviacha vikae vile vile; alivipa jukwaa na wasemaji. Gari linaloegeshwa stoo kwa sababu mwenyewe hawezi tena kuligeuza limekuwa matini isiyosomwa, na sioni uaminifu wowote kwenye hilo.

Linabaki jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kasoro zote za mtindo. Safu ya Vitz na fito ya Peugeot hazilingani meno, na fundi amezikutanisha kwa kuchomelea kipande kati ya viungo viwili vya krosi. Mchomeleo wake ni mzuri kwa macho, umejaa na umenyooka. Lakini mota sasa inatia kwenye kiungo hicho nguvu ambayo mkono wa mtu haukuwahi kuitia, kwenda na kurudi, kila siku, na chuma kilichounganishwa kwa ncha mbili peke yake huchoka mahali pasipoonekana. Kiungo hicho kikikatika barabarani, hakuna bega la kuokoa gari. Pale panahitaji bomba la chuma linalofunika ncha zote mbili, lichomelewe pande zote na kupigwa pini ya kupenya katikati, au, bora zaidi, kipande kilichochongwa kwenye mashini kikiwa na meno ya kila upande. Pia waya mkuu wa mota, ambao wakati wa kuegesha unaweza kuvuta ampia 30 na zaidi, umechukuliwa karibu na swichi ya taa. Unapaswa kutoka kwenye betri moja kwa moja, uwe mnene, na uwe na fyuzi yake. Nilimwonyesha fundi yote mawili. La waya alilikubali papo hapo. La fito tulibishana hadi akalala chini ya dashibodi na tochi, akakaa huko kitambo, akatoka akimwomba mzee asiliendeshe gari mpaka fito ipelekwe kwa mchongaji wa Kariobangi Light Industries.